Barua za orodha zimefurika kikashani, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimejiunga na debian-user, orodha ya barua pepe (barua ya mmoja huwafikia wote) ya watumiaji wa Debian, mfumo endeshi wa kompyuta. Natumia Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, kwa akaunti ya Gmail. Kikasha kimefurika hadi barua za bosi sizioni. Nimetengeneza kichujio kinachotafuta neno "Debian" kwenye mada, lakini nyingi zinakiponyoka. Tena nikibonyeza "Reply", jibu linamwendea mtu mmoja tu, na ninazotuma mwenyewe kwenye orodha hazinirudii. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Tuanze na kichujio, maana hapo ndipo penye tabu kubwa. Mada huandikwa na mtu, na kila mtu huiandika apendavyo. Tena debian-user haipachiki alama yake kwenye mada, kwa hiyo mtu akiuliza "Printa haichapishi", kichujio chako hakina cha kushika. Fungua barua moja ya orodha ubonyeze Ctrl+U. Itatokea mistari mingi ambayo kwa kawaida programu huificha. Shuka taratibu hadi uukute huu:

List-Id: <debian-user.lists.debian.org>

Huo hauandikwi na mtumaji. Seva ya orodha ndiyo inayoupachika kwenye kila barua inayoisambaza, kwa kiwango cha intaneti kilichowekwa mwaka 2001. Mtu akikuandikia wewe moja kwa moja, hata kwa mada ileile, mstari huo haumo. Nasisitiza hili kwa sababu limenigharimu. Nilikuwa nachuja kwa mada. Mwenzangu akanijibu faragha swali nililokuwa nimeliuliza kwenye orodha, na jibu lake likaenda moja kwa moja kwenye folda ya orodha. Nilikuja kulisoma baada ya wiki tatu, na diski ya seva aliyokuwa akinionya juu yake ilikwishajaa.

Thunderbird inaweza kuchuja kwa List-Id: kwenye "Message Filters", ukifika mahali pa kuchagua sehemu ya barua, chagua "Customize" uuongeze mstari huo. Lakini kwako wewe sishauri njia hiyo. Vichujio vya Thunderbird hufanya kazi programu ikiwa wazi tu. Ukifunga kompyuta, simu yako itaendelea kufurika. Weka kichujio kwenye Gmail yenyewe, kupitia kivinjari. Kwenye sanduku la kutafutia andika list:debian-user.lists.debian.org, tengeneza kichujio kutokana na utafutaji huo, ukiagize kiruke kikasha na kuzipa barua hizo lebo. Ndani ya Thunderbird lebo hiyo utaiona kama folda. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, ingia "Properties", uweke alama ya kuikagua kila barua mpya zinapoletwa. Wengi husahau hatua hii wakadhani orodha imenyamaza.

Kuhusu kujibu, "Reply" haijakosea: Debian huacha anwani ya mtumaji kama ilivyo, ili jibu la faragha libaki faragha. Ukitaka kujibu orodha tumia "Reply List", au Ctrl+Shift+L. Usikimbilie "Reply All", kwani aliyeuliza atapata nakala mbili, na kanuni za orodha za Debian zinakataza kumtumia mtu nakala ya pembeni (CC) asipoiomba mwenyewe.

Barua zako mwenyewe hazijapotea. Gmail inaona nakala inayorudi kutoka kwenye orodha ina nambari ya utambulisho sawa na ile uliyotuma, basi haikuletei ya pili. Usizitume tena. Ukitaka hakika, fungua kumbukumbu za orodha kwenye lists.debian.org, utaziona hapo.

Lipo jambo moja hukuuliza, ila litakusaidia sana: washa mpangilio wa mazungumzo, yaani "Threaded" chini ya "Sort by", ili majibu yakae chini ya swali lake. Programu huyapanga kwa mistari miwili iliyofichwa, In-Reply-To na References. Ndiyo maana kufungua barua ya zamani, kubonyeza jibu na kubadilisha mada hakuanzishi mazungumzo mapya. Ukiuliza hivyo kuhusu printa, swali lako litajikuta chini ya mjadala wa watu wanaobishana kuhusu kadi za sauti, na anayejua printa hatalifungua. Kwa swali jipya bonyeza kitufe cha kuandika barua mpya, uweke anwani ya orodha, ndipo uandike.