Leptini na mimba inayochelewa: majibu kwa maswali yenu

Swali: Nasikia leptini inatoka kwenye mafuta ya mwili. Sasa mafuta na mimba wapi na wapi?

Umesikia sawa. Seli za mafuta ndizo zinazoitengeneza, na maabara ya Jeffrey Friedman huko New York iliitangaza mwaka 1994. Kazi yake ni kuujulisha ubongo kama mwili una akiba ya kutosha. Kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia homoni, taarifa hiyo hupita kwa seli za neva za kati, zikiwemo zinazotoa kisspeptini, nazo huchochea homoni ya GnRH itoke kwa mapigo. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hufuata mapigo hayo: hutoa FSH ya kukuza kijifuko cha yai, na LH ya kulitoa yai lenyewe. Akiba ikipungua leptini hushuka, mapigo hupoa, yai halitoki. Ovari unaweza kuzikuta nzima kabisa. Kilichokatika kiko kichwani.

Swali: Nina kilo 94, urefu sm 160. Hedhi inakuja baada ya miezi miwili, wakati mwingine mitatu. Nimepima leptini, iko juu sana. Kama upungufu ndio unaozuia mimba, mbona yangu imezidi?

Dada, kwa uzito huo jibu lingejulikana kabla ya sindano. Mafuta yakiongezeka leptini nayo huongezeka, na ubongo uliozoea kiwango cha juu huacha kuiitikia vizuri. Ndiyo maana kipimo hiki hakiongozi matibabu ya uzazi, na sisi tusingekushauri kukilipia tena.

Tunayemshuku kwako ni insulini. Ikizidi, huzisukuma ovari zitengeneze androjeni (homoni za kiume), na hulizuia ini kutoa SHBG, protini inayozishika androjeni hizo zisifanye kazi ovyo. Vijifuko vinaanza kukua kisha vinakwama njiani. Hiyo ni PCOS (ugonjwa wa ovari zenye vijifuko vingi), ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria inawapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ili ithibitishwe zinatakiwa dalili mbili kati ya tatu: hedhi isiyo na mpangilio, androjeni zilizozidi (kwa damu, au kwa chunusi na ndevu), na ovari zenye vijifuko vingi kwenye ultrasound. Kabla ya hapo TSH (homoni inayoendesha tezi ya shingo) na prolaktini (homoni ya maziwa) zipimwe, maana matatizo ya tezi ya shingo na ya prolaktini huvuruga hedhi vilevile. Ongeza testosteroni na kipimo cha sukari cha saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi.

Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani kilo 5 hadi 9 kwako, mara nyingi hutosha kurudisha upevukaji wa yai. Huhitaji kuwa mwembamba. Yai likigoma, dawa ya kwanza siku hizi ni letrozole: miligramu 2.5 kwa siku kwa siku tano, kwa kawaida kuanzia siku ya 3 ya hedhi, na daktari huongeza dozi mzunguko unaofuata kama haikujibu. Usijianzishie, kwani lazima ithibitishwe kwanza kwamba huna mimba. Na ukipitisha siku 90 bila hedhi nenda hospitali: ukuta wa mfuko wa uzazi unaojijenga miezi mingi bila kumwagika una hatari zake.

Swali: Nina miaka 27. Nimepunguza kilo 11, nakimbia siku sita kwa wiki, na hedhi imekata mwezi wa tano sasa. Kipimo cha mimba hakioneshi kitu. Nimepewa vidonge vya uzazi wa mpango "virudishe hedhi".

Vidonge hivyo vitakuletea damu, havitakuletea yai. Kwako ndiko leptini inakohusika kwelikweli, ingawa vipimo vya TSH, prolaktini, FSH na estradioli (aina ya estrojeni) bado vinahitajika ili sababu nyingine ziondolewe.

Chukua daftari. Tuseme una kilo 50 na mafuta ni asilimia 20: mwili usio na mafuta ni kilo 40. Ukitoa nguvu ya mazoezi, zinatakiwa zibaki kama kilokalori 45 kwa kila kilo hiyo, yaani 1,800 kwa siku. Zikishuka chini ya 30, yaani 1,200, homoni za uzazi huanza kuyumba. Ukikimbia ukachoma 500, basi mlo wa siku uwe kama 2,300. Anayekula 1,600 na kukimbia amebakiwa na 1,100 tu, hata kama anajiona ameshiba. Kosa tunaloliona sana ni kuongeza chakula na kuongeza mbio kwa pamoja.

Mabadiliko huchukua miezi. Na kumbuka yai hutangulia hedhi, kwa hiyo unaweza kushika mimba kabla ya kuona damu yoyote.

Swali: Kuna vidonge vya "kuongeza leptini" mtandaoni. Vinasaidia?

Hapana. Leptini ni protini; ukiimeza, tumbo huimeng'enya kama nyama. Ya sindano ipo, metreleptin, ila Marekani iliiidhinisha mwaka 2014 kwa watu ambao miili yao haina mafuta ya kutosha kwa ugonjwa, siyo kwa ugumba.

Swali: Progesteroni yangu ya siku ya 21 ni 0.8 ng/mL. Nimeambiwa sitoi mayai. Mzunguko wangu ni siku 35.

Umepimwa mapema mno. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Hesabu siku 7 kurudi nyuma kutoka hedhi unayoitarajia: kwako ni siku ya 28. Progesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, ikizidi 3 ng/mL, yai limetoka. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha, visimamishe angalau siku mbili kabla. Bayotini iliyomo hudanganya baadhi ya mashine za homoni, TSH ikiwemo.

Swali: Prolaktini imepanda kidogo tu. Nianze dawa?

Rudia kwanza, asubuhi, ukiwa umepumzika. Hofu, mazoezi na kuchezewa chuchu huipandisha. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, hasa metoclopramide (ya kichefuchefu) na za magonjwa ya akili, wala usiziache mwenyewe. TSH nayo ipimwe.

Swali: Mume wangu anasema homoni ni shida yangu, yeye hapimwi.

Apimwe mwanzoni kabisa, kabla hujameza letrozole. Akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa haijapoa, na tone lolote likimwagika aseme, hasa la mwanzo, kwa kuwa ndilo lenye mbegu nyingi.