Mashine ya Majaribio Isiwe Safi Mno

Fundi mpya wa kompyuta hukabidhiwa mapema kazi ya kusasisha mashine za ofisi, kwa kuwa wakubwa wake huiona ni kazi ya kubonyeza na kusubiri. Mimi nami nilianza hivyo. Jumapili moja jioni nilipandisha toleo la mfumo endeshi kwenye kompyuta zote za kaunta, nikaona zimewaka salama, nikaenda kulala. Asubuhi yake printa ya risiti haikutambulika kwenye hata moja, na foleni ya wateja ikafika mlangoni. Nilikuwa nimejaribu kuwasha kompyuta; kuchapa risiti sikujaribu.

Tangu siku hiyo sipandishi toleo kabla ya kulijaribu mwenyewe. Hata hivyo, nilichelewa kutambua kwamba mashine ya majaribio iliyo safi mno haikuambii kitu. Chukueni mfano wa Windows 10 toleo la 1809, lililoanza kutolewa tarehe 2 Oktoba 2018 na kusimamishwa siku chache baadaye kwa sababu lilikuwa likifuta faili za baadhi ya watumiaji. Walioathirika walikuwa wamehamishia folda zao, kama ile ya Documents, kwenye diski nyingine huku wakiacha baadhi ya faili mahali pa zamani, na sasisho likaifuta folda ya zamani pamoja na vilivyomo. Microsoft ilisema taarifa za kupotea kwa faili zilikuwa asilimia 0.01 ya waliosakinisha toleo hilo. Fundi ambaye angelijaribu kwenye kompyuta mpya isiyo na folda iliyohamishwa asingeona kasoro yoyote, angelipitisha kwa moyo mweupe, kisha angepoteza kazi za mtu.

Kwa hiyo mimi hunakili diski nzima ya mfanyakazi mmoja, kwa ruhusa yake, pamoja na printa zake za zamani, programu alizosakinisha mwenyewe na mpangilio wake wa ajabu, nikaiweka kwenye mashine ya akiba yenye vifaa vinavyofanana. Mashine hiyo siiunganishi na mtandao wa ofisi, maana nakala ya kompyuta ya mhasibu inaweza kutuma ankara kwa mara ya pili bila mtu kujua. Jaribio likiisha, ninaifuta.

Baada ya kupandisha toleo humketisha mwenye kazi mbele ya mashine. Mimi sijui kufunga hesabu za mwezi, na nikijifanya najua nitajaribu yale tu yasiyoharibika. Mhasibu akifika kwenye hatua ya kuchapa au kusoma skana, ndipo tatizo hujitokeza, kama lipo.

Jaribuni pia kurudi nyuma. Windows hutoa kwa kawaida siku 10 za kurudi kwenye toleo la awali, na nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa mimi siihesabu kuwa nakala.

Masasisho ya usalama ya kila mwezi yana hesabu yake. Microsoft huyatoa Jumanne ya pili, saa mbili au saa tatu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na kuyachelewesha kwa majuma mengi ni kuacha mlango wazi. Lakini hata hayo huumiza: yale ya Machi 2021 yaliziangusha kompyuta kila zilipojaribu kuchapa kwenye printa za aina fulani. Siku mbili au tatu za majaribio kwenye mashine moja zinatosha. Kwa matoleo makubwa ninasubiri zaidi, na watengenezaji wenyewe hawaoni aibu kusubiri: toleo la 24.04 la Ubuntu, mfumo endeshi mwingine, lilitoka Aprili 2024, lakini waliokuwa kwenye toleo la 22.04 hawakupangiwa kulipata kwa njia ya kawaida hadi baada ya 24.04.1 kutoka Agosti.

Jaribio likipita, ninaanza na kaunta moja tu, siku ya katikati ya juma, nami nikiwa nimesimama karibu na printa.