Redio ya mbao haiponi kwa msasa

Swali: Assalaam alaykum fundi. Nina redio ya mezani ya marehemu babu, Grundig ya miaka ya 1950, ya mbao, ina vibonye vyeupe kama meno ya piano. Imekaa juu ya kabati miaka mingi hapa Wete. Vanishi imepauka, juu pana ukungu mweupe, na kwenye kona moja veniya, ule utando mwembamba wa mti uliogandishwa juu, imebanduka kiasi cha upana wa kidole. Seremala ananambia aipige msasa mpaka itoke mbao mpya, kisha aipake vanishi ya milango. Shangazi anasema mafuta ya nazi yanatosha. Nishike la nani?

Jibu: Waalaykum salaam. Usishike la yeyote kati yao, na kama redio ishafika karakana, kaichukue leo hii.

Hayo maneno ya "itoke mbao mpya" ndiyo yaliyokwishaua redio nyingi Unguja na Pemba. Chini ya vanishi ile hakuna mbao mpya. Kuna veniya, mara nyingi ya mti wa jozi, na unene wake haufiki milimita 1. Chini ya veniya ni plaiwudi. Seremala aliyezoea mlango wa mninga au msaji ana inchi nzima ya kuchezea. Hapa msasa ukipita mara mbili tatu kwenye ukingo, plaiwudi iko nje, na veniya iliyoliwa hairudi.

La pili ndilo watu wasilolijua kabisa. Ule wekundu wa kahawia unaouona si rangi ya mti peke yake. Kiwandani mara nyingi walipuliza vanishi ya selulosi iliyotiwa rangi ndani yake, tabaka juu ya tabaka, nzito zaidi pembeni na nyepesi katikati. Rangi imo ndani ya vanishi. Ukiikwangua unabaki na mti uliopauka, wenye rangi moja tupu. Hapo fundi hupaka vanishi nzito ya milango kuficha alichokiharibu, na mwenye redio hufurahi kwa kuwa inang'aa. Kung'aa si dalili ya kupona.

Mafuta ya nazi nayo hayakauki. Hubaki yananata, hukamata vumbi, huvunda, na kwa unyevu wa huku huota kuvu. Yakipenya kwenye nyufa yanafika chini ya veniya, na gundi haishiki tena pale. Baya kuliko yote ni polishi ya kopo ya kupuliza, ile ya dashibodi za magari. Ina silikoni. Ikishaingia kwenye nyufa, vanishi yoyote itakayopakwa baadaye hujikunja na kuacha vishimo vya mviringo kama macho ya samaki.

Sasa redio yako. Usiichomeke kwenye umeme kuona kama inalia. Kapasita za karatasi za zama zile, vile vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji, zishakunywa unyevu, na zikipasuka zinaweza kuondoka na transfoma. Hilo ni la fundi wa redio za valvu, zile taa za kioo za ndani. Wewe fungua kifuniko cha nyuma, toa vifundo vya mbele vya kuzungushia, fungua skrubu zilizo chini ya sanduku, na uitoe chasisi nzima, yaani bamba lililobeba mitambo. Usisafishe sanduku likiwa na mitambo ndani.

Kabla ya kupaka chochote, jua vanishi ni ya aina gani. Ligeuze sanduku, na chini, mahali pasipoonekana, uguse kwa pamba yenye tone moja la spiriti ya kuwashia stovu. Ikinata mara moja, ni polishi ya spiriti. Isiponata, jaribu tone la thina ya selulosi: ikilainika kwa sekunde chache, ni selulosi. Ikiwa vyote viwili havikufanya kitu, ama ni vanishi ngumu ya kiwandani ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ama kuna mtu keshaipaka vanishi ya kisasa. Majaribio yaishie hapo chini. Spiriti na thina zisiguse uso wa redio.

Kusafisha: maji nusu lita, matone 3 ya sabuni laini ya mtoto. Pamba ikamuliwe mpaka isidondoshe. Safisha kipande cha ukubwa wa kiganja, kikaushe, ndipo uhamie kingine. Kioo cha stesheni usikiguse kwa nyuma hata kwa pamba kavu, kwa sababu majina ya miji yamechapwa upande ule, na mkono mmoja wenye unyevu unafuta London na Paris kwa pamoja. Jina la kiwanda na maandishi ya dhahabu yapitie mbali.

Yakishakauka, chukua waiti spiriti, ile ya kuzimulia rangi ya mafuta, upitishe kidogo kwa kitambaa. Inatoa nta na mafuta ya zamani bila kuyeyusha selulosi. Tumia kipande cha kanzu kuukuu. Khanga mpya inaweza kuchuja rangi. Hapa kodoa macho. Ukungu ukipotea wakati pako majimaji kisha ukarudi pakikauka, vanishi ni nzima, uso tu ndio umekauka na kuchakaa, na nta itamaliza kazi. Ukungu ukibaki mweupe hata pakiwa majimaji, unyevu umeingia ndani ya vanishi. Iache redio kwenye chumba kikavu chenye hewa, masika yapite, ndipo uamue.

Nta: gramu 100 za nta ya nyuki iliyochujwa kwa mililita 200 za tapentaini. Yeyusha nta kwenye bakuli lililo juu ya maji ya moto, zima moto kabisa, ndipo utie tapentaini, maana mvuke wake unawaka. Kwa uso wote wa juu kiasi cha punje mbili za kunde kinatosha. Subiri dakika 15, sugua. Ukipaka nyingi itanata kwa joto.

Ile kona iliyobanduka, tumia gundi ya ngozi ya vuguvugu. Gundi nyeupe haishiki vizuri juu ya masalia ya gundi kuukuu, na supagluu haibanduki tena ukikosea. Toa uchafu chini ya veniya kwa kipande cha kadi, ingiza gundi kidogo, futa inayotoka, weka karatasi ya nailoni, kisha kibao bapa, na ukibane kwa saa 24, au 48 ikiwa hewa ina unyevu. Usipige pasi. Selulosi inalainika kwa joto, na nyuzi za kitambaa zitaacha alama zake juu ya redio daima.

Ukimaliza, usiiegemeze kwenye ukuta wa mawe na chokaa. Acha nafasi ya sentimita 10. Wala usiifunge kwenye nailoni.

Na anayetaka kununua redio kama hii Darajani au kwenye maduka ya Mji Mkongwe, asitazame mng'aro. Apitishe kidole kwenye kingo za juu atafute mstari mweupe wa plaiwudi. Atazame kama jina la kiwanda bado lipo, kama rangi pembeni ni nzito kuliko katikati, kama kuna matone ya vanishi yaliyogandia kwenye kitambaa cha spika. Kisha ageuze redio alinganishe rangi ya chini, ambako msasa haukufika, na rangi ya juu. Zikitofautiana sana, keshachelewa.