Besi ya nyuzi sita ya bei nafuu kwa mpigaji wa kwaya: ichukuliwe au iachwe?

Mkuu, umesema unapiga besi ya nyuzi nne kwenye kwaya huko Dodoma, na Kariakoo kuna mtu anakuuzia besi ya nyuzi sita, Ibanez GSR206, iliyotumika kwa laki nane na nusu. Unauliza kama uruke moja kwa moja kutoka nne kwenda sita au upitie tano kwanza, na una wasiwasi na shingo pana kwa sababu vidole vyako ni vifupi. Wengi hapo juu wamekujibu kwamba nyuzi sita ni mbwembwe. Mimi napiga ya nyuzi sita ya daraja hilohilo la bei, kanisani na kwenye bendi ya harusi hapa Dar, na sikubaliani nao hata kidogo. Ila waliokwambia "chukua tu" nao wamekuharakisha. Swali la kujiuliza ni moja: ule uzi mwembamba wa C utaupa kazi gani?

Kwanza hakikisha unachouziwa. Besi ya nyuzi sita tunayoizungumzia inatyuniwa B, E, A, D, G, C, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba. Wazo hili lilisukumwa na Anthony Jackson, mpigaji wa New York, aliyeona gitaa la besi ni la ukoo wa gitaa na halina sababu ya kuishia nyuzi nne. Fundi Carl Thompson alimtengenezea la kwanza mwaka 1975. Kuna chombo kingine kabisa, Fender Bass VI, kilichotoka 1961, chenye shingo fupi ya inchi 30 na kinachotyuniwa kama gitaa la kawaida, ila oktavu moja chini, yaani noti zilezile kwa sauti nzito zaidi. Squier, jina la bei nafuu la Fender, nao wana toleo lake. Mtandaoni watu huviuza vyote viwili kwa jina la "besi ya nyuzi sita". Nyuzi za Bass VI zimebanana sana, na kwa kupiga kwa vidole kwenye kwaya hutaifurahia. GSR206 ni ile ya kwanza, shingo yake ina urefu wa kawaida wa inchi 34, kwa hiyo hapo uko salama.

Sasa tuje kwenye uzi wa B. Kwa kwaya ni msaada mkubwa. Mpiga kinanda akikaa E-flati, wewe mwenye nyuzi nne huna E-flati ya chini. Unakwenda freti (vile vyuma vya kwenye shingo) ya 6 ya uzi wa A na wimbo unapoteza uzito. Ukiwa na B unaikuta freti ya 4, oktavu nzima chini, na D iko freti ya 3. Halafu kuna ule mtindo wa ubeti wa mwisho: mpiga kinanda anabonyeza kitufe cha transpozi, kwaya nzima inapanda nusu sauti, na wewe uliyekuwa unategemea uzi wa E ukiwa wazi unaanza kuhangaika. Kwenye B unasogeza mkono freti moja, vidole vinabaki na mpangilio uleule. Lakini sikiliza, faida yote hiyo unaipata kwenye besi ya nyuzi tano. Kama hilo ndilo linalokusumbua, tafuta ya tano na pesa nyingine ibaki mfukoni.

Na usitarajie B itatikisa kanisa. E ya wazi ina mitetemo kama 41 kwa sekunde, B ina kama 31. Spika nyingi za makanisa yetu zimenunuliwa kwa ajili ya mahubiri na kinanda, huko chini hazifiki vizuri. Kinachosikika ni zile sauti za juu zinazoambatana na noti, basi. Ukilazimisha kwa kuongeza besi kwenye mikisa unaumiza spika, na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda tayari uko eneo hilohilo. Kaeni naye mkubaliane nani anashika chini, la sivyo itasikika ngurumo tu.

Sababu yangu mimi ya kupenda nyuzi sita iko upande wa pili, kwenye C. Mazoezi ya katikati ya wiki mara nyingi mpiga kinanda hayupo, au umeme umekatika na tuna spika ndogo ya betri. Hapo besi ndiyo inatoa sauti kwa kwaya. Chukua F: shika freti ya 8 ya uzi wa A, freti ya 9 ya uzi wa G na freti ya 9 ya uzi wa C, vidole vitatu ndani ya freti mbili. Umepata F, E na A, kiini cha kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya F meja ya saba bila C yake, na iko wazi haichafuki kwa sababu noti zimeachana. Shusha kile cha kwenye G kwa freti moja, umepata F ya saba, na kwaya inasikia kabisa kwamba inapelekwa B-flati. Noti za juu hapo ziko eneo la tenor, sauti ya juu ya wanaume, kwa hiyo waimbaji wa tenor wanaokota sauti yao moja kwa moja kwenye gitaa. Kwenye nyuzi nne unaweza kujaribu kitu kama hicho, ila mkono unakimbilia karibu na mwili wa gitaa na sauti inakonda. Kwenye mapambio ya taratibu, pale mchungaji anapoomba na ngoma zimenyamaza, kodi hizi zina utulivu ambao sijaupata kwenye chombo kingine.

Vidole vifupi visikutishe sana. Wanaoshindwa mara nyingi wanashika shingo kwa kiganja kizima. Kidole gumba kikae katikati ya mgongo wa shingo, na gitaa ulipandishe mpaka usawa wa kifua, hata kama haipendezi kwenye picha. Kazi ngumu kweli ni kuzima nyuzi usizozipiga. Ukipiga G, nyuzi za B, E na A zinavuma zenyewe, na kwenye spika kubwa huo uvumi unageuka tope. Gumba la mkono wa kulia lisiegemee pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) muda wote. Lifuate vidole, likilalia nyuzi nene kila unapopanda nyembamba. Nyuzi nyembamba zizime kwa vidole vya mkono wa kushoto vikilala kidogo. Fanya skeli moja polepole ukisikiliza ukimya kati ya noti. Zoezi hili linachosha, na usipolifanya hiyo besi itakuchafulia muziki.

Dukani anza na B, maana kwenye besi za bei nafuu ndiyo inayoumbuka kwanza. Bonyeza freti ya 5 ya uzi wa B, uilinganishe na E ya wazi. Ni noti moja. Kama ya kwenye B inasikika kama inatoka ndani ya ndoo na inakufa mapema, badilisha nafasi, jaribu tena, kisha omba iwekewe uzi mpya. Ikibaki vilevile, achana nayo. Nenda freti ya 12, linganisha na haramoni yake palepale (gusa uzi bila kuubonyeza), uone kama zinakubaliana. Kisha ziba jicho moja uangalie shingo kwa urefu, ukitafuta msokoto. Shingo iliyopinda kidogo inarekebishika kwa trasi rodi, ule mchuma ulio ndani ya shingo; iliyojisokota haifai kwa bei yoyote. Muombe muuzaji azungushe trasi rodi robo mzunguko mbele yako. Nati yake iliyokwama au iliyoliwa ni tatizo lako la mwakani. Chomeka kebo, zungusha vitasa vyote usikilize mikwaruzo, na uweke betri mpya ya voti 9.

Hesabu nyuzi pia. Seti ya sita inakaribia bei mara mbili ya seti ya nne, na madukani haipatikani kila siku, unaagiza. Mimi huagiza kabla za zamani hazijachoka.

Kama bado unasita, kuna njia rahisi ya kujipima. Nunua seti ya nyuzi tano, weka B, E, A na D kwenye besi yako ya sasa, fundi atanue kidogo mifereo ya pale kichwani. Itakuonyesha kama kwaya yenu inahitaji chini. Ukigundua kila mara unaikumbuka G uliyoiacha na ungetaka hata kwenda juu yake, nyuzi sita ni zako, usiogope kuruka tano. Mwenye tano naye anaweza kuweka E, A, D, G, C. Baadhi ya wapigaji wanaishi hivyo na wanaridhika.

Ushauri wangu: kama mazoezini mnaachwa bila kinanda kama sisi, na B ikipita mtihani wa freti ya 5, ichukue. Ya nyuzi nne usiiuze, kwenye sebene za harusi utaitaka. Laki nane na nusu naiona imepanda kwa kitu kilichotumika. Anzia laki sita na nusu, hasa nyuzi zikiwa za zamani. Na kabla hujalipa, piga picha ya shingo kutokea kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili, kuelekea kichwani uitume hapa tuiangalie.