Vyura wa mitini, na chumvi zenu

*Picha ya chura wa kijani mwenye macho mekundu ni ya kweli au ya kompyuta? (Msomaji, Nzuguni)*

Ya kweli. Anaishi misitu ya mvua ya Amerika ya Kati, kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Kolombia. Mgongo kijani, mbavu za bluu zenye mistari ya njano, vidole rangi ya chungwa. Dume ana sentimita 5 hivi, jike hufika 7. Mchana hulala juu ya jani, miguu ameikunja na macho ameyafumba, rangi zote kali zimefichika. Ukope wa chini unapitisha mwanga na umechorwa vistari vya dhahabu.

Ila msiishie kwenye macho. Jike hutaga kwenye majani yaliyoinamia maji. Nyoka akianza kuyala mayai, viluwiluwi vilivyokwisha kukua kiasi huhisi mtikisiko, vikapasua mayai siku kadhaa kabla ya wakati na kudondoka majini.

*Ana sumu?*

Ya kumdhuru mtu, hapana.

*Naweza kumwagiza nimfuge hapa Dodoma?*

Usithubutu. Ngozi yake inataka unyevu, na kiangazi chetu mnakijua. Tena ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani umesambazwa pia na biashara ya namna hiyo. Mmesahau Kihansi, yale maporomoko ya milima ya Udzungwa? Maji yalipochepushwa kuzalisha umeme, manyunyu ya maporomoko yakapungua, kisha kuvu nao ukaonekana. Mwaka 2009 chura wetu wa pale akatangazwa kutoweka porini. Waliosalia walikuwa wanalelewa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani. Kuwarudisha kulianza 2012.

*Sehemu kame nayo ina vyura wa mitini?*

Inao. Yupo wa kijivu, juani hupauka hadi karibu na nyeupe, na kwenye gome la mti unaweza kumpita usimwone. Mvua zikianza, jike hutoa ute, akaupiga kwa miguu ya nyuma mpaka uwe povu, akataga humo, kwenye tawi lililo juu ya dimbwi. Povu hukauka nje, ndani hubaki majimaji. Sasa nyie mnaofukia kila dimbwi kwa kifusi, viluwiluwi vidondokee wapi?

*Chura kaingia uani, nimwagie chumvi? Jirani anasema katumwa.*

Swali hili tena! Hakutumwa na mtu. Kafuata wadudu waliojaa kwenye taa yako. Chumvi inamkausha akiwa hai, na wadudu wanabaki palepale. Zima taa ya nje, ziba upenyo wa chini ya mlango, chumvi irudishe jikoni.