Barua kwa mwanangu: njoo harusini

Mwanangu Rehema,

Huku Tabora hatujambo, ila mama yako na goti lake. Umeniuliza kama ukija harusi ya mdogo wako Disemba, hiyo viza yako ya muda ya mwenza itakuzuia kurudi Perth, na kama safari itaiharibu ile ya kudumu unayoisubiri.

Njoo. Barua ya uhamiaji ya Australia uliyonitumia nimeisoma mara mbili kwa miwani ya mama yako. Viza yako ni ya daraja la 820, na inakuruhusu kutoka na kuingia mara nyingi utakavyo hadi maombi ya hatua ya pili, ile 801 ya kudumu, yatakapoamuliwa. Najua hofu yako imetoka wapi. Kabla ya kupewa hii ulikuwa na viza ya kusubiria ya aina A, na ile mtu akishatoka nchini inakufa. Aliye nayo akitaka kusafiri huomba kwanza aina B, naye aipate kabla hajaondoka. Ndiyo maana msiba wa babu yako uliufuata kwa simu. Mambo hayo yamepita.

Mimi pasipoti ndiyo inanitia wasiwasi. Ulisema yako inakaribia kuisha na utachukua mpya. Viza za Australia siku hizi hazibandikwi ndani ya kitabu, zimo kwenye mtandao wao, zimefungwa na namba ya pasipoti. Ukipata kitabu kipya na hukuwaarifu, kompyuta ya shirika la ndege itakuona huna viza. Yule binti wa kaunta pale Dar hataki kuona cheti cha ndoa wala picha za harusi yako, anaangalia kioo chake tu. Basi ingiza namba mpya kwenye akaunti yako ya uhamiaji, kisha uhakiki kwenye VEVO, ule mfumo wao wa kuangalia viza mtandaoni, uchapishe karatasi, uiweke kwenye mkoba wa mkononi.

Kuhusu kukaa, mama yako ameshatangaza mtaani kwamba unakaa miezi mitatu. Mimi nasema mwezi unatosha. Si kwamba sheria imeweka idadi ya siku, haijaweka. Lakini hatua ya pili huangaliwa baada ya miaka miwili hivi tangu siku ulipoomba, nao watataka kuona ndoa ni ya kweli na bado inaendelea: mkataba wa nyumba, akaunti ya pamoja, bili zenye majina yenu wote wawili. Kwa nini basi usije na mumeo? Tiketi zenu na picha akiwa na wakweze zitaingia humo humo kwenye ushahidi, na shangazi zako watapata wa kumcheka akicheza ngoma. Viza yetu aiombe mtandaoni mapema. Na ukiwa huku, barua pepe ifungue kila siku. Wakikuomba nyaraka, muda wa kujibu hausubiri harusi ya mtu.

Njia unaijua. Ila siku hizi kuna SGR mpaka Dodoma, halafu basi kupitia Manyoni na Itigi, msilazimike kusubiri treni ya zamani.

Jambo moja mama yako hataki kulisikia: asali. Ameshaagiza dumu kutoka Sikonge kwa ajili ya wakwe zako, na jimbo lenu la Australia Magharibi hawaruhusu asali iingie, hata itokayo majimbo mengine ya huko huko kwao, kwa kulinda nyuki wao. Karanga na uyoga uliokaushwa nao, chochote cha kuliwa, kiandike kwenye ile kadi ya abiria. Kutaja si kosa. Kuficha kuna faini, na faini yao si ya kuchezea.

Vipimo vya gauni mtumie mama yako wiki hii. Mshonaji wa Gongoni ameanza kukataa kazi za Disemba.

Baba yako