Mafuta ya Gari la Polisi ni Jukumu la Nani?

SWALI: Mhariri, mwezi uliopita duka langu lilivunjwa usiku. Nilipofika kituoni, askari wa zamu aliandika taarifa yangu, akanipa nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), kisha akasema gari lipo ila halina mafuta. Nilipanda gari hilohilo hadi kituo cha mafuta, nikalipa shilingi 2,000, na risiti ninayo hadi leo. Sasa kamati yetu ya wafanyabiashara inataka kuchanga ili kuwanunulia polisi magurudumu. Je, serikali haiwapi fedha? Na sisi raia tuna haki ya kuuliza zinakokwenda?
Mfanyabiashara, Kaunti ya Kilifi

JIBU: Pole kwa hasara, ndugu yetu. Gari lisilo na mafuta lakini likaweza kufika kwenye pampu linastahili safu yake peke yake, lakini tushike swali lako.

Kazi ya polisi nchini Kenya ni ya serikali ya kitaifa, si ya kaunti, na fedha zake hupitishwa na Bunge la Taifa kila mwaka. Zamani bajeti hiyo ilishikwa katika Ofisi ya Rais. Siku ya kuapishwa kwake, Septemba 13, 2022, Rais William Ruto alitangaza kwamba inahamishiwa kwa Inspekta Jenerali, mkuu wa polisi, ili polisi wasiendelee kuomba fedha za kazi zao kwa watu wa siasa. Kwa hiyo mafuta ya gari lile yamo katika kodi ambayo umekwisha kuilipa. Kama yalichelewa kutoka Nairobi au yaliishia njiani ni jambo linalopaswa kujibiwa kwa maandishi, wala si kwa mfuko wako.

Haki ya kuuliza unayo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika ombi lako kwa Kiswahili, bila kulazimika kueleza sababu, na ujibiwe ndani ya siku 21. Ukinyimwa, unapeleka malalamiko yako kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Uliza kwa uangalifu, hata hivyo: ukitaka kujua doria za usiku zinapita wapi, utaambiwa ni siri ya usalama, na kwa haki; lakini ukiuliza kituo kilipokea lita ngapi kwa robo mwaka na zikatumika kwa magari yapi, sioni siri iko wapi.

Kuhusu mchango wa magurudumu, ningeishauri kamati isimkabidhi mtu yeyote fedha taslimu. Matumizi ya polisi hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye hutakiwa na Katiba kutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, lakini mkaguzi husoma vitabu, na shilingi yako 2,000 haimo katika kitabu chochote. Zaidi ya hayo, mama muuza mboga ambaye hana cha kutia kwenye pampu atahudumiwa lini, ikiwa gari limezoea kwenda kwa aliyelijaza? Mkiamua kutoa, toeni vitu vyenyewe, kwa barua, vipokelewe rasmi na kuingizwa katika orodha ya mali ya kituo. Mkumbuke pia kwamba Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humgusa mtoaji sawa na mpokeaji, na mpaka kati ya msaada na malipo ya huduma ni mwembamba sana saa nane za usiku.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 iliweka pia Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, chini ya gavana, yenye jukumu la kuangalia bajeti ya polisi katika kaunti. Muulizeni mwakilishi wenu wa wadi kama kwenu inakutana.

Kwa yaliyokufika wewe, andikia Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, ambayo haitozi ada kwa malalamiko. Taja nambari ya OB, tarehe, saa na nambari ya usajili wa gari, ambatisha nakala ya risiti, na ile halisi ibaki nyumbani kwako.